Sisi Hatusikilizi Simu za Watu

Tulimtia Emil Hruska hatiani kwa dakika nne, halafu tukabaki chumbani kusubiri chakula.

Nasema hili wazi kabla wengine hawajaja kulipamba. Ilikuwa saa tano na nusu na ushei, mwezi wa Oktoba, mwaka hamsini na tatu, kwenye ghorofa ya pili ya mahakama ya kaunti yetu hapa Iowa. Watu kumi na wawili, meza moja ndefu, na dirisha moja lililogoma kufunguka tangu siku lilipopakwa rangi. Sheria inataka wananchi kumi na wawili wakubaliane wote, hana hatia au anayo, ndipo waachiwe kwenda zao. Utaratibu wa kaunti nao unasema kwamba jopo likiwa bado linajadiliana ifikapo saa sita, tarishi wa mahakama analiletea chakula kutoka hotelini ng'ambo ya barabara, na kaunti ndiyo inayolipa. Nyama ya ng'ombe ya kuoka, viazi vya kuponda, pai ya tufaha.

Mwenyekiti wetu, Bwana Orville Stenseth, muuza mbegu za mahindi, alikuwa ameshaishika kalamu aandike hukumu. Akatazama saa yake. Akaiweka kalamu chini taratibu.

"Nadhani," alisema, "jambo zito kama hili linahitaji kutafakariwa zaidi."

"Mpaka saa sita," akasema mzee Clarence Ott, mkulima asiyeoa anayeishi na dada yake.

"Mpaka saa sita na robo. Pai huja mwisho."

Hakuna aliyepinga. Sisi Walutheri ni wepesi sana wa kuafikiana panapokuwa na viazi.

Na mimi, Alma Tollefson, mjane, mfugaji wa kuku mia mbili, niliinua mkono wangu pamoja na wenzangu. Usinitafutie utakatifu humu.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Jumapili moja ya mwezi wa Machi, banda la Truman Skaar liliungua na nyasi zake zote na ng'ombe kumi na wanne. Skaar alikuwa amegombana na jirani yake Emil Hruska kuhusu mfereji wa maji tangu vita havijaisha. Alisema alimwona mtu mwenye koti la mirabaraba myekundu akikimbia saa tisa na dakika tano alasiri. Emil analo koti la mirabaraba myekundu. Ni kweli kwamba kwenye kaunti yetu asiyekuwa nalo ni mchungaji peke yake, na hata yeye analo la kuwindia, lakini hilo hatukulijadili. Zaidi ya koti, Emil alikuwa Mcheki, Mkatoliki, umri miaka arobaini na mke hana. Kwa baadhi yetu ushahidi ulikuwa umetosha hapo.

Akipatikana na hatia angefungwa miaka hadi ishirini. Mama yake, bibi wa miaka sabini na tisa, alikaa siku zote tatu kwenye benchi la ukumbini, koti limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Kiingereza hajui. Kila tulipopita alisimama wima, kama watoto wa shule wanavyosimama mwalimu akiingia, na hakuketi mpaka wa mwisho wetu awe amepita. Jambo hilo lilinikera sana. Nilitamani mtu amwambie akae.

Utetezi wa Emil ulikuwa simu. Alisema alikuwa nyumbani kwake, maili mbili za matope kutoka kwa Skaar, anamsubiri daktari wa mifugo apige kuhusu ng'ombe mgonjwa. Saa tisa kamili simu ikaita, milio miwili mirefu na mmoja mfupi, ambao ndio mlio wa nyumba yake.

"Nikainua," alisema kizimbani. "Nikasema haloo. Nikasema haloo mara sita. Mtu hakuna. Mvumo tu, kama upepo. Nikakata."

Daktari wa mifugo akaja akaapa kwamba alipiga saa tisa kamili na hakusikia mtu akipokea. Opereta wa mjini naye akaapa vivyo hivyo.

"Yaani simu ni nzima asubuhi," mwendesha mashtaka alimwambia Emil, "na ni nzima jioni. Ikafa dakika ile ile tu unayoihitaji wewe?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilicheka.

Kisha wakaitwa wanawake wawili wanaotumia laini moja na Emil, Bi Prestegaard na Bi Nygaard, waseme kama walimsikia akipokea. Wote wawili walishika Biblia wakasema, kwa uso wa mtu aliyetukanwa, kwamba wao hawasikilizi simu za watu. Mlio wa Emil waliusikia, hilo hawakatai, kwa kuwa husikika kwenye kila nyumba. Baada ya hapo kimya. Basi, kesi ikaisha.

Sasa tulikuwa na dakika ishirini na tano za kutafakari. Bwana Stenseth alikata kucha. Shemasi Haldor Brekke, mtu mrefu mwenye sauti ya kuombea mvua, alifumba macho. Bergit Lunde, rafiki yangu na jirani yangu wa miaka thelathini, alitoa sindano zake akaendelea kufuma soksi. Clarence Ott hawezi kukaa kimya hata msibani.

"Mimi ile saa ya ndege aliyoisimulia Bi Nygaard kizimbani imeniingia moyoni," alisema. "Ile anamotoka ndege wa mbao na kulia. Dada yangu angeipenda."

"Huipati," Shemasi Brekke alisema bila kufumbua macho. "Si alisema shemeji yake aliileta kutoka Ujerumani alipokuwa jeshini? Barabara yao yote, ni yeye tu aliye nayo. Alijisifu nusu saa."

"Acha hizo, Haldor. Bi Prestegaard naye anayo. Alisema alijua ni saa tisa kwa sababu ndege alilia mara tatu."

"Bi Prestegaard hana saa kabisa. Saa yake iko kwa fundi tangu Krismasi. Wakili alimuuliza, akajibu mwenyewe."

"Basi alisikia ya Bi Nygaard," Stenseth alisema, akipuliza kucha.

"Orville," Shemasi alisema, "nyumba zile zimeachana nusu maili."

Watu kumi na mmoja wakaanza kupendezwa sana na mbao za meza.

Kwa maana kila mmoja wetu alijua papo hapo jinsi ndege wa mbao wa Bi Nygaard alivyofika kwenye sikio la Bi Prestegaard. Huku mashambani nyumba nane hutumia laini moja ya simu. Kila nyumba ina mlio wake, na mlio wa kila nyumba hulia kwenye zote nane. Adabu inataka usikie mlio wa jirani na uendelee na kazi zako. Nasi tuna adabu mno. Tunainua mkono wa simu polepole kabisa, tunaziba pa kuongelea kwa taulo ya vyombo, na tunapumua kwa pua. Na ugomvi wa mfereji ulivyokuwa mtamu, mlio wa Emil Hruska Jumapili alasiri ulikuwa unaishinda redio.

Ila sauti inayopita kwenye waya ni ile ile moja, na kila anayeinua anaipunguza. Wakiinua wawili, sauti inafifia. Wakiinua sita au saba, wenye mazungumzo wote wawili wanabaki na mvumo, kama upepo.

Hilo hakimu halijui. Mawakili hawalijui, wala daktari wa mifugo. Wao ni watu wa mjini, kila mmoja ana laini yake. Sisi wakulima tunalijua kama tunavyojua njia ya chooni. Na tulikaa siku tatu tukimsikiliza Emil akisema "kama upepo," na hakuna hata mmoja aliyekohoa. Unakohoaje bila kusema umejuaje?

Mlango ukagongwa. Tarishi akaingia na masinia.

"Mmeshaafikiana?" aliuliza.

"Bado," nikasema.

Bergit alicheka akanipiga kiwiko. Alidhani nailinda pai.

Tulikula. Sikumbuki ladha ya nyama ile, na si kawaida yangu kusahau nyama. Tarishi alipoondoka nikafuta mdomo nikasema, "Emil aliipokea ile simu."

"Alma, usituanzie," Stenseth alisema. "Ng'ombe wangu wanakamuliwa saa kumi na moja."

"Bi Prestegaard alikuwa ameinua. Na Bi Nygaard alikuwa ameinua, maana saa yake ilisikika kupitia simu yake. Hao wawili tuna hakika nao. Mnadhani wale wengine watano walikuwa wanasali? Emil alisema haloo mara sita, na sauti yake haikufika popote kwa sababu laini nzima ilikuwa inamnyonya."

"Bi Tollefson." Shemasi Brekke alikuwa amefumbua macho sasa. "Hayo ya sauti kunyonywa umeyatoa wapi?"

"Kila mtu anajua."

"Mimi sijui. Sijawahi kusikiliza simu ya mtu maishani mwangu." Akazungusha macho mezani. "Kuna yeyote humu aliyewahi? Ajitokeze, atufundishe."

Ungeiona ile meza. Stenseth alichunguza uma wake. Clarence, msemaji wetu, alikuwa na viazi vingi mdomoni ghafla.

"Basi," Shemasi alisema kwa upole wa mtu aliyeshinda, "hatuwezi kumwachia mtu huru kwa jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu anayelijua."

Na alikuwa na haki, ndilo lililoniudhi. Palihitajika mtu mmoja aseme: najua, kwa sababu nimefanya. Na aeleze lini, na kwa nani.

Bergit alikuwa anakata pai yake. Hupenda kunipa ukingo mgumu wa pai, anajua naupenda. Akauweka kwenye sahani yangu, kama kawaida, na mimi nikautazama ule ukingo nikatamani ardhi ipasuke.

Bergit ana binti mmoja, Solveig. Miaka miwili iliyopita Solveig alikuwa na mchumba, Arvid, kijana aliyekwenda kutafuta kazi Fargo baada ya kukorofishana naye Krismasi. Uchumba ukavunjika. Hakuna aliyejua vizuri ulivunjikaje, ila Jumapili iliyofuata kila mtu aliyekunywa kahawa kanisani alijua kwamba Arvid alipiga simu akakaa kimya, na Solveig akamkatia. Solveig hakuivumilia ile minong'ono. Akahamia Minneapolis, na barua huandika Krismasi tu. Bergit aliwahi kuniambia, akilia jikoni kwangu, kwamba akimjua aliyesikiliza simu ile hatamsemesha mpaka kaburini. Mimi nilimkatia keki nyingine.

Ukumbini, nyuma ya mlango, kulikuwa na bibi mwenye koti lililofungwa mpaka shingoni. Nilijua tukitoka atasimama tena.

"Februari ya mwaka juzi," nilisema. "Kwenye laini yetu namba tisa. Mlio mmoja mrefu, miwili mifupi."

Uma wa Bergit ukasimama. Ule ni mlio wa nyumba yake.

"Alikuwa Arvid, anapiga kutoka Fargo. Solveig akasema haloo. Akasema, sisikii. Akasema, rudia. Akasema haloo, haloo. Halafu akakata."

"Arvid hakusema kitu," Bergit alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nilikuwa nimesimama pale pale. Alimpigia mtoto wangu simu akamnyamazia, hana haya."

"Alisema, Bergit. Nyumba yangu iko karibu zaidi na mji, kwangu ilifika, kidogo. Alisema amepata kazi kwenye reli. Alisema maneno ya Krismasi anayajutia. Alisema kama Solveig bado anamtaka, ampigie Jumapili, na kama hakupiga, ataelewa."



"Solveig hakupiga," Bergit alisema.

"Hakusikia. Tulikuwa tumeinua watu sita. Nilihesabu pumzi."

"Arvid ameshaoa, Alma. Ana mtoto."

"Najua."

"Umeniletea keki ya mdalasini kila Jumamosi. Miaka miwili."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia wiki ile ile? Siku ile ile? Ningempigia mwenyewe!"

"Ningekuambiaje bila kusema nilijuaje?"

Nilipolisikia jibu langu likitoka mdomoni, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na mimi niliwahi kuanguka na birika la kahawa mbele ya askofu. Nilikuwa nimemwacha binti wa watu apoteze mchumba wake ili nisionekane mbea. Na saa moja hivi iliyopita nilikuwa nimeinua mkono nimfunge Emil Hruska kwa sababu hiyo hiyo, na kusubiri pai.

Bergit alikunja soksi yake, akachomeka sindano, akaiweka mkobani. Akasimama. Nikadhani atanipiga, na ningemshukuru. Akamgeukia mwenyekiti.

"Orville, andika. Mimi nasema Emil Hruska hana hatia. Shemasi aliuliza kama kuna anayejua. Basi sasa najua."

Kisha akachukua kiti chake akakibeba mpaka upande wa pili wa meza, mbali nami, akaketi. Sahani yake ya pai aliiacha.

Clarence Ott ndiye aliyemfuata.

"Mimi husikiliza kila siku," alisema. "Isipokuwa Jumapili."

"Jumapili unamheshimu Mungu?" mtu akamuuliza.

"Jumapili ni zamu ya dada yangu." Akakuna sikio. "Na ni kweli sauti hufa. Tukiwa wengi, huwa natamani niwaambie wengine wakate nisikie vizuri. Hana hatia."

"Mke wangu," Stenseth alianza, "wakati mwingine, akiwa jikoni..."

"Mkeo, Orville?"

Akaziangalia kucha zake. "Haya. Mimi. Lakini ni kwa ajili ya biashara, nijue nani anapanda nini. Hana hatia."

Ikazunguka meza hivyo. Mmoja alisikiliza kwa sababu ya upweke, mwingine apate usingizi. Mwanamke mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu Jumatatu alikiri kwamba hutega sikio huku anakanda unga, na kwamba mkate wa siku zenye ugomvi huumuka vizuri zaidi. Mpaka saa saba na nusu tulikuwa kumi na mmoja, na Shemasi Brekke.

"Nawasikitikia," alisema. "Sikujua naishi kati ya watu wa namna hii."

"Haldor," Clarence alisema, "kila nikimpigia fundi wa trekta namsikia ndege kanari anaimba. Miaka minne sasa. Nimekuwa nikijiuliza, fundi wa trekta, mikono yote ile ya grisi, anafuga kanari wa nini?"

Shemasi akawa mwekundu kuanzia kola kwenda juu.

"Laini yetu nzima, mwenye kanari ni mmoja," Clarence aliendelea kwa huruma. "Anaimba vizuri, lakini. Anaitwaje?"



"Fridtjof," Shemasi alisema. "Mimi husikiliza tu kama kuna mgonjwa wa kuombewa."

"Na fundi wa trekta anaumwa nini?"

"Andika, Orville!" Shemasi alifoka. "Andika, twende zetu!"

Stenseth akaandika. Tulipotoka, yule bibi alisimama. Bergit alikuwa mbele yetu. Akamwendea, akamshika bega, akamketisha taratibu kwenye benchi, na wote tukapita akiwa ameketi.

Hakimu aliposoma hukumu Emil hakuelewa, ikabidi wakili wake amwambie mara mbili. Mwendesha mashtaka alituangalia kana kwamba tumelewa. Hakuna aliyetuuliza tumefikaje hapo, na hakuna aliyejitolea kueleza. Nilimwona Emil akishuka ngazi na mama yake, ngazi moja moja, amemshika kiwiko. Nilifurahi kweli. Nilifurahi na nikaenda kukaa peke yangu kwenye gari, kwa kuwa asubuhi nilikuja na Bergit, na Bergit alishaomba lifti kwa Stenseth.

Nikakusanya mayai, nikawafungia kuku. Saa kumi na mbili jioni, jua likizama, nilisimama mbele ya kile kisanduku cha simu cha ukutani nikazungusha kishikio chake cha kupigia: mlio mmoja mrefu, miwili mifupi. Nilijua Clarence atakuwa ameshasimulia, na nilijua laini namba tisa yote imesimama jikoni na mataulo yake.

Ikainuliwa.

"Haloo," Bergit alisema.

"Ni Alma. Bergit, nisikilize. Sikuombi unisamehe leo. Nataka tu uniambie kama naweza kumwandikia Solveig. Nimweleze mwenyewe."

Nikamsikia akivuta pumzi. Akaanza kusema. Nililisikia jina langu, "Alma," wazi kabisa, na neno lililofuata nusu yake.

Halafu zikaja zile sauti ndogo za mikono ya simu inayoinuliwa. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Bergit alikuwa bado anaongea, sauti yake ikienda mbali.

"Rudia," nilisema. "Bergit, sisikii. Kateni, jamani, kateni! Bergit, rudia!"

Ulibaki mvumo tu. Nilisema haloo mara sita, halafu nikakata.